Jina la afande kwenye lango la vijana

BARIADI. Basi litokalo Mwanza hufuata barabara ya Musoma, Ziwa Victoria likionekana mara kwa mara upande wa kushoto, hadi Lamadi. Hapo hukata kulia, likaliacha ziwa nyuma. Kinachofuata ni mashamba ya pamba, mtama na mahindi, ng'ombe wakivuka barabara bila haraka, na vijana juu ya bodaboda wakisubiri abiria kila kituo.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha maeneo yaliyokuwa chini ya Shinyanga na Busega iliyotoka Mwanza, ukapewa jina la mto Simiyu unaomwaga maji yake Ziwa Victoria. Bariadi ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoa una watu zaidi ya milioni 2.

Mkoa mchanga una majengo mengi ya kupewa majina: shule, zahanati, kumbi, vituo vya vijana. Na kwa Wasukuma jina si pambo. Mabula ni mtoto wa msimu wa mvua. Kulwa na Doto ni pacha, na hata mgeni anajua nani alitangulia. Jina husimulia.

Ndiyo maana wazo la kukipa kituo cha vijana jina la askari polisi mstaafu lina uzito wake. Sare huvuliwa, lakini "afande" hastaafu. Kila mji una mzee wa aina hiyo: anayefundisha watoto mpira jioni, anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa ndoa, anayemjua kila kijana wa mtaa na baba yake.

Mfano wa kujivunia upo jirani. Uwanja wa michezo wa Eldoret, Kenya, una jina la Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 na 1972. Keino alikuwa askari polisi, na baadaye yeye na mkewe walilea watoto yatima nyumbani kwao. Anayelitaja jina lile hafikirii pingu, anafikiria mbio na malezi.

Usukumani ulinzi nao una historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji walianzisha sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, kwa sababu polisi walikuwa wachache na mbali. Askari aliyeweza kuaminiwa na watu wa namna hiyo anastahili kukumbukwa.

Lakini lipo swali ambalo wazee wakikaa kikao husahau kuliuliza: nani ataingia langoni?

Kituo cha vijana si meza ya pool na televisheni tu. Kikiendeshwa vizuri, ndipo binti anapouliza kuhusu mimba asiyoitarajia, na mvulana anapouliza kuhusu kidonda anachokionea aibu. Tangu mwaka 2019, sheria ya Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Sheria imefungua mlango. Woga unaweza kuufunga.

Kwa binti aliyefanyiwa ukatili, jina la askari linaweza kuwa faraja: hapa kuna mtu wa kunilinda. Kwa kijana wa bodaboda aliyezoea kukimbia akiona sare, jina hilohilo linaweza kumfanya ageuze pikipiki. Wote wawili ni watoto wa mji mmoja, na wote wanahitaji huduma ileile.

Dawa yake si kumnyima mzee heshima. Ni kuwaita vijana kwenye kikao kabla ya fundi kuandika kibao, na kuwasikiliza hata wakisema hapana. Ni kuweka mhudumu anayetunza siri, saa zinazomfaa mwanafunzi na anayetoka kibaruani, na chumba ambacho sauti haivuki ukuta. Na mzee mwenyewe, kama bado yu hai, awe anapita pale jioni bila kirungu, akicheza bao.

Watoto wa Bariadi watalijua jina lake kwa namna watakavyopokelewa. Binti akitoka pale ametulia, atamwambia mwenzake: "Nenda kwa afande, hawakusemi."