Miwani tayari, macho bado

Ukikaribia miaka 40 au ukiivuka kidogo, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Gazeti linasogezwa mbali, uzi unakataa kuingia kwenye sindano. Dawa yake ni miwani ya kusomea, +1 au +1.50 kwa kuanzia, kisha namba inapanda kadiri umri unavyosonga.

Hapa Glasgow miwani hiyo inauzwa hata madukani, pamoja na sabuni na biskuti. Kariakoo utaipata kwa machinga, na namsifu: anakuacha ujaribu moja baada ya nyingine, fundi cherehani kwa sindano yake, mwalimu kwa daftari lake. Ndivyo inavyotakiwa, maana namba hutegemea umbali wa kazi. Anayesoma msahafu mapajani na anayetazama kompyuta mezani hawahitaji namba moja. Basi tusiwatishe wazee. Miwani ya mtaani haiharibu macho.

Tofauti iko kwenye kupimwa. Tangu 2006 Uskoti inagharamia uchunguzi wa macho kwa wakazi wote. Miwani wengi tunajinunulia, ila kupimwa ni bure. Umekwenda kwa sababu ya herufi zinazofifia, lakini mpimaji anapima pia presha ya jicho na kukagua mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Hapo ndipo glakoma hunaswa. Kwa kawaida ugonjwa huu hauumi. Huanza kula uoni wa pembeni, katikati pakibaki safi, na sisi watu weusi hutupata zaidi, na mapema, kuliko Wazungu. Mtu anaweza kusoma vizuri kwa miwani ya machinga huku anapofuka. Matone ya dawa huuchelewesha. Uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Nyumbani Tanzania uchunguzi huo upo, katika hospitali za CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na kwingineko. Lakini mzee wa Handeni ataona nauli ya nini kwa jicho lisilouma, na miwani anayo? Inaniuma tunapojaza mabegi miwani ya zawadi, badala ya kumlipia nauli na ada ya daktari wa macho.

Mpimaji wa hapa huuliza pia kama mzazi au ndugu wa tumbo moja ana glakoma, kwa kuwa hufuata ukoo. Wengi tunajibu hapana, kumbe wazazi hawajawahi kupimwa. Tunajua tu kwamba babu alipofuka uzeeni. Mkituma hela ya hospitali, mwombeni mzee aulize presha ya kila jicho ni ngapi na mshipa ukoje, kisha awaambie nyote, watoto wake.