Msimsingizie Robert Smalls

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo wasee hawachoki kunitumia video za matajiri wasio na digrii. Nia yao ni nzuri, najua. Juzi mmoja akaniletea Robert Smalls wa Marekani, eti hakuenda shule na bado alifika bungeni. Ni kweli, alifika. Lakini basi tuisimulie yote.

Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839 huko Beaufort, South Carolina. Akiwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya vibarua, na karibu pesa zote zilienda kwa bwana wake. Huko bandarini alijifunza kazi ya meli hadi akawa anashika usukani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, akawekwa kwenye Planter, meli iliyotumiwa na jeshi la Kusini.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu walishuka kulala mjini. Smalls akavaa kofia ya kepteni, akang'oa nanga, akamchukua mke wake Hannah na watoto, kisha akapita mbele ya ngome za adui akipiga honi za ishara kama kawaida. Alipokaribia meli za Kaskazini, wakapandisha shuka nyeupe. Manze, alikuwa na miaka 23 tu!

Video nyingi huishia hapo. Kumbe jamaa huyu alikuwa hajui kusoma, kwa sababu sheria ya South Carolina ilikataza watumwa kufundishwa. Alipopata nafasi Philadelphia mwaka 1864, akatafuta walimu akasoma. Mwaka 1868 alikuwa kwenye mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo lake, na hoja aliyoisukuma ni shule za bure kwa watoto wote. Baadaye, mwaka 1875, akaingia Congress. Hata nyumba ya bwana wake wa zamani aliinunua.

Halafu ikaja 1895. Wazungu wakaitisha mkutano mwingine wa katiba ili kuwanyang'anya Weusi kura. Ukitaka kupiga kura, uonyeshe unajua kusoma na kuandika, au uwe na mali ya dola 300. Na anayeamua kama umesoma vizuri ni karani mzungu. Yaani wanakunyima kitabu, halafu wanakuadhibu kwa kutokijua! Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe sita Weusi. Akapinga, wakashindwa, akakataa kutia sahihi.

Kwa hivyo mkinitumia Smalls kunifariji kwamba shule si kitu, mmekosea mtu. Yeye alijua vizuri kwa nini walimfungia mlango. Mimi bado naweka akiba ya karo, kidogo kidogo. Na wewe ambaye umeshalipiwa, kesho usikose darasani, buda.