Moshi wa Asubuhi

Wahenga walinena ya kwamba panapofuka moshi pana moto. Neno hilo ni la kweli, lakini mimi niliyejifunza ufundi wa motokaa Ifo, karibu na Dadaab, limenitia aibu mara mbili, kwa kuwa sikujua kwamba moshi nao una lugha zake, na kila lugha ina maana yake.

Ifo ni nchi ya mchanga na jua kali. Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa hapo mwaka 1991 magari yalizidi, na baadaye vijana wengi tukajifunza ufundi chini ya vivuli vya migunga. Hata asubuhi za mwezi wa Julai, mtu ajifunikapo shuka na kusema kuna baridi, pumzi yake haionekani. Basi sisi tulishika kanuni moja tu: injini nzima haitoi moshi, na itoayo moshi ni gonjwa. Kwa hewa ya kwetu kanuni hiyo ilitutosha.

Mwaka 2012 nilikwenda Limuru kufanya kazi katika gereji ndogo. Limuru imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu huyafunika mashamba ya chai hata jua likiwa limekwisha kupanda. Siku moja bwana mmoja alituletea Datsun 240Z ili tutazame breki zake. Hiyo ni motokaa ya mbio ya zamani. Aina yake ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ile ya bwana yule ilikuwa urithi wa marehemu baba yake.

Motokaa ililala nje usiku kucha. Alfajiri nikaambiwa niiwashe. Nikavuta choki, nikazungusha ufunguo, na silinda zote sita zikaitika. Lakini nilipotazama nyuma, wingu jeupe lilikuwa likimiminika kutoka kwenye ekzosi hata ukuta usionekane. Nikaizima upesi. Mwenyewe alipofika nikamwambia kwa sauti ya mjuzi, “Bwana, gasketi ya hedi imeungua, na maji yanaingia ndani ya silinda. Sharti injini ifunguliwe.” Akaniuliza gharama. Nilipomtajia akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba fedha hizo hana, na heri aiuze vipande vipande. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa mara ya pili.

Fundi wetu mkuu, mzee wa makamo, alikuwa akisikiliza. Akaniita akasema, “Kijana, hebu pumua.” Nikapumua, na mvuke mweupe ukatoka kinywani mwangu. Akaniuliza, “Je, nawe gasketi yako imeungua?” Watu wote wakacheka, na mimi nikainamisha kichwa.

Ndipo akanifundisha. Petroli ikiungua huzaa maji. Kila lita moja ya petroli hutoa mvuke ambao ukikusanywa hukaribia lita moja ya maji. Penye joto mvuke huo hupotea hewani bila kuonekana. Penye baridi hugeuka kuwa matone madogo sana, nasi twauita moshi. Tukaiwasha tena motokaa, tukangoja. Ekzosi ilitema matone ya maji, wingu likapungua, na baada ya dakika kumi hapakuwa na kitu. Maji ya rejeta hayakupungua. Bwana yule akaondoka na urithi wake, na hakunilaumu hata kwa neno moja.

Laiti habari ingeishia hapo! Mwaka 2013 nilirudi Ifo nikiwa nimejaa elimu mpya. Jirani yangu alikuwa na pikapu kuukuu. Kila asubuhi ilipowashwa ilitoa moshi kwa dakika moja au mbili, kisha ikatulia. Akaniuliza, nami bila hata kuinama kuutazama nikamjibu, “Usiogope, ndugu yangu, huo ni mvuke wa baridi. Limuru nimeuona mwingi.” Akaniamini, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri.

Baada ya wiki kadhaa tulikuwa katika pikapu hiyo tukimpeleka mama yake mgonjwa Garissa kutibiwa. Katikati ya njia injini ililia kwa chuma, ikakwama. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: kilikuwa kikavu. Ndipo nikakumbuka kwamba moshi ule ulikuwa wa samawati, nao ulinuka oili iliyoungua. Sili za valvu zilikuwa zimechakaa, na oili ikidondoka usiku ndani ya silinda, ikaungua asubuhi. Na Ifo, baridi ya kuleta mvuke ilikuwa wapi? Tulikaa juani saa tatu mpaka lori likapita na kumchukua mama. Alipona, Alhamdulillahi. Lakini alipokuwa akipandishwa alinitazama akasema, “Mwanangu, hukutazama.” Maneno hayo mawili ningali nayo.

Wasomaji wenzangu, moshi mweupe uishao injini ipatapo moto ni mvuke; usipokwisha, na maji ya rejeta yakapungua, ndipo uhofie gasketi. Moshi wa samawati ni oili. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na pengine choki imesahauliwa. Wala msiwashe motokaa ndani ya gereji iliyofungwa kwa ajili ya baridi, maana ekzosi hutoa pia hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Limuru nilihukumu kwa elimu ya Ifo. Ifo nikahukumu kwa elimu ya Limuru. Siku hizi, kabla sijasema neno, nainama nyuma ya motokaa, nautazama moshi, naunusa, na kijiti cha oili nakichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.