Mgeni Aliandika, Mwenyeji Alipika

Sijafika Røst, na huenda nisifike. Ni kijiji cha wavuvi nchini Norwe, kwenye ncha ya mwisho ya visiwa vya Lofoten, juu ya Mstari wa Aktiki, na kati yake na bara kuna bahari ya kama kilomita 100. Kisiwa kikuu ni tambarare, karibu kilingane na maji. Kando yake vimetapakaa visiwa vidogo mamia, vingine miamba mitupu ya ndege wa baharini. Wakazi wake leo ni kama 500. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiyasoma maelezo ya namna hiyo, nikisema moyoni kwamba huko ni mwisho wa dunia, kisha nikifunga kitabu.

Aliyenirudisha ni mgeni. Mwaka 1431 mfanyabiashara wa Venice aitwaye Pietro Querini aling'oa nanga Krete akiwa na shehena ya mvinyo na mabaharia 68, akielekea Flanders. Dhoruba ikamvunjia usukani, ikamsukuma kaskazini wiki baada ya wiki, hata wakaiacha merikebu na kuingia katika mashua mbili. Moja haikuonekana tena. Ya pili, Januari 1432, ilifika kwenye kisiwa kisicho na watu jirani na Røst. Wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa kiu na baridi. Waliobaki 11 waliishi kwa kome wa pwani, hadi mvuvi mmoja na wanawe walipouona moshi wa moto wao.

Watu wa Røst waliwachukua, wakawalaza majumbani mwao, wakawalisha hadi Mei. Querini aliporudi kwao aliandika yote. Alisema kisiwani mna watu kama 120, akaeleza jinsi wanavyokausha samaki kwa upepo, na akawasifu kwa unyofu na uchaji wao hata msomaji akadhani anasoma habari za peponi.

Sifa hizo zilinifurahisha kwanza, kisha zikaanza kunisumbua. Mtu aliyenusurika kifo atamwonaje anayempa chakula? Nani asingekuwa malaika machoni pake? Nikawa natafuta sauti ya upande wa pili, nami sikuiona. Mgeni aliandika, mwenyeji alipika, akatandika, akanyamaza. Watu 11 juu ya 120 si jambo dogo katikati ya majira ya baridi. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa zaidi ya miezi mitatu. Je, hapakuwa na mama aliyekitazama chungu akapiga hesabu usiku? Hapakuwa na aliyenung'unika? Naamini walikuwapo, na kwa kuamini hivyo wema wao unazidi kuwa mkubwa kwangu. Wema wa malaika haumgharimu kitu. Wema wa mtu mwenye chungu kinachopungua ni habari nyingine.

Swali hilo la chungu ndilo lililonifundisha jiografia ya Røst, ambayo awali niliipita haraka. Walikuwa na nini cha kugawa? Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, samaki mkubwa aitwaye skrei hutoka Bahari ya Barents kuja kutaga kwenye maji ya Lofoten. Wavuvi humtoa matumbo na kichwa, humfunga wawili wawili mikiani, na kumtundika kwenye vichanja vya miti, bila chembe ya chumvi, hadi mwanzoni mwa kiangazi. Mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki huzuia baridi isizidi, kwa hiyo hewa hukaa karibu na nyuzi 0. Joto likizidi kidogo, samaki huoza. Baridi ikizidi, huganda na nyama yake huharibika. Kijiji kizima kimeishi ndani ya kipimo hicho chembamba.

Nilikuwa nimeihesabu hali ya hewa ya huko kuwa adui ambaye watu hao wamemvumilia tu. Sasa naiona kama chombo cha kazi walichojifunza kukitumia, kizazi baada ya kizazi. Na unyofu aliousifu Querini ulikuwa na elimu ndani yake. Samaki wao walikuwa wakipelekwa Bergen kila mwaka, na kutoka hapo wafanyabiashara wa Kijerumani waliwafikisha masoko ya mbali ya Ulaya. Røst ilikuwa mbali kwa Querini. Kwa watu wake ilikuwa nyumbani, tena nyumba yenye njia ya soko. Hata wageni wenyewe waliondoka kwa mashua ya samaki iliyokuwa ikielekea Bergen.

Tangu hapo nasoma tofauti hata habari za pwani yetu. Mwaka 1331, karne moja kamili kabla ya Querini kung'oa nanga, msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa na kufika Kilwa, naye pia aliwasifu wenyeji kwa uchaji wao, na sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Tumezinukuu sifa zake mara nyingi kama shahada ya heshima yetu. Sizikatai. Ila siku hizi nikimsoma nauliza nani alimtekea maji, nani alimpisha kitandani, na wao walimwonaje.

Sijui kama swali hili litanifikisha popote. Huenda nami, kwa kuwawekea watu wa Røst manung'uniko ambayo hayakuandikwa, nimewafanyia kama mgeni wao alivyowafanyia: nimewavika sura niipendayo mimi. Nimelifikiria hilo, na bado naona ni heri kuuliza. Kule kwenye kisiwa walikookolewa mabaharia, mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa mwaka 1932, miaka 500 baada ya ajali, na ni haki ukumbusho wao kusimama. Lakini waliofanya kazi kubwa zaidi majira yale ya baridi ni wale waliokuwa na chakula wakakipunguza, na historia ninayotaka kujifunza kuisoma ni ile inayoanza kwao.