Mwenye Nyumba Alipohama

Nyumba tuliyopanga mtaa wa Majengo, Tunduma, ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa korido. Mwenye nyumba na mkewe walikaa katika viwili vya mbele, vinavyotazama barabara. Vinne vilivyobaki vilikuwa vyetu wapangaji: polisi na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja aliyevuka Nakonde kila asubuhi na kurudi jioni na vitenge, na sisi, familia ya fundi seremala, tuliokuwa wengi kuliko chumba. Uani palikuwa na choo kimoja, bafu la mabati na banda la kupikia. Hiyo ndiyo Tunduma ya miaka ya tisini ninayoikumbuka, na sidhani kwamba jirani yeyote aliishi tofauti sana.

Mwenye nyumba alikuwa tajiri kwa kipimo cha wakati ule. Alikuwa na duka la jumla na gari dogo la mizigo. Hata hivyo, asubuhi alisimama kwenye foleni ya choo akiwa na kopo lake, nyuma ya mpangaji anayedaiwa kodi. Maji yakikatika, na Tunduma maji yamekuwa shida tangu nina akili, yalikatika kwake na kwetu, na wote tuliwangoja vijana wa baiskeli waje na madumu. Paa likivuja, lilivuja juu ya kitanda chake pia, na kwa hiyo lilizibwa kabla ya mvua ya pili.

Sitaki kuipamba hali ile. Ugomvi ulikuwepo kila wiki: nani ameacha taa ya korido inawaka, nani hajafagia zamu yake, mgeni wa nani amelala siku ya tatu. Saa nne usiku geti lilifungwa na aliyechelewa alibembeleza. Mama mwenye nyumba alijua kila mtu amepika nini, na alisema. Lakini alijua pia kwamba baba hulipwa vizuri pale wakulima wa Mbozi wanapouza kahawa, ndipo watu huagiza vitanda na milango. Miezi mingine ya mwaka hakutugongea mlango. "Baba nanihii, tutaongea msimu ukifika," alisema, akapita na ndoo yake. Hakukuwa na mkataba. Kulikuwa na kuonana kila siku, na ni vigumu kumtoa nje mtu ambaye mtoto wake amekula kwako mchana.

Nyumba za namna hii zimejaa nchini, kuanzia Kariakoo na Magomeni hadi Kigoma. Watafiti wa makazi wamezichora ramani na kuziandikia vitabu, wakishangaa jinsi mwenye mali na asiye na mali walivyokaa chini ya paa moja bila serikali kuwaamuru. Ulaya jambo hilo hutungiwa sheria: Uingereza, kwa mfano, halmashauri zinaweza kumtaka mjenzi wa mtaa mpya atenge sehemu ya nyumba kwa wenye kipato kidogo kabla hajapewa kibali. Sisi tulilipata kwa sababu mwenye nyumba alihitaji kodi zetu ili amalizie kupiga plasta.

Mchanganyiko wa aina nyingine tuliuona kwenye nyumba za reli. TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya sabini, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, stesheni zake zilijengewa pia makazi ya wafanyakazi. Za Tunduma tulizitazama kwa wivu: safu zilizonyooka, bomba, ukuta wa saruji. Wakubwa na wadogo wa reli waliishi eneo moja, na watoto wao walikuja shuleni kwa njia moja. Ila ukistaafu unaondoka. Kota ni nyumba ya kazi, na kazi ikiisha, nayo imeisha. Baba alikuwa akisema afadhali chumba chetu kibovu, kwa kuwa hakiulizi umri.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Yalikuja na malori. Kadiri mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo ilivyoongezeka, foleni ilirefuka kando ya barabara kuu kuelekea Mpemba, na kila dereva aliyelala siku mbili tatu alihitaji kitanda, chakula na mtu wa kumbadilishia kwacha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu karibu laki moja katika mji huu; ile ya 2022 ilikuta zaidi ya laki mbili. Katikati hapo, mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Makao makuu yalikwenda Vwawa, lakini watumishi, wafanyabiashara na madalali waliendelea kumiminika mpakani. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili.

Chumba kikawa dhahabu. Mwenye nyumba wetu alitoboa ukuta wa vyumba vyake vya mbele akafanya fremu mbili za biashara, kisha yeye na mkewe wakahamia Mpemba, kwenye kiwanja kilichopimwa, nyumba ya vyumba vinne ndani ya ukuta. Hakutufukuza. Alihama tu, kwa amani, akatuachia namba ya simu.

Ndipo nilipoanza kuelewa alikuwa akitufanyia nini kwa kukaa tu. Choo kilipojaa, ilichukua muda mrefu kuzibuliwa, kwa sababu hakuwa akikitumia. Bati lililong'oka liliwekewa jiwe. Kodi ikaanza kudaiwa kwa miezi sita, baadaye mwaka mzima, ikipitia kwa dalali ambaye naye anataka yake ya mwezi mmoja. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na baraza la kumsikiliza mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni mapatano ya wenye nyumba na wasio nayo, yaani si mapatano sana. Mama wa vitenge, ambaye mtaji wake ulikuwa katika kwacha, aliwahi kuniambia kwamba Wazambia walipofuta sifuri tatu kwenye fedha yao Januari 2013, alitamani na kodi yake ifutwe hata moja.

Hata mita ya umeme ilibadilika tabia. Zamani mwenye nyumba ndiye aliyekusanya michango na kwenda kununua umeme. Aliyechelewa alisemwa mezani. Leo, katika nyumba ile ile, wapangaji hununua umeme wa LUKU kwa zamu, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Anayeingiza namba kwenye mita ni mpangaji, na kumpigia simu mtu aliyeko Mpemba umdai shilingi 1,500 ni jambo ambalo wengi huona aibu.

Nimekwenda Mpemba mara nyingi kumsalimia mzee wetu, maana heshima haikuhama. Ni mtaa mzuri, barabara zake zinapitika hata kwa gari la zimamoto. Lakini ukitembea saa kumi jioni huoni mtu. Unaona mageti. Mzee mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, huku hata ugomvi hakuna." Sikujua kama anasifu au analalamika.

Upimaji wetu hugawa ardhi kwa ujazo: viwanja vya ujazo mkubwa, wa kati na mdogo. Ni utaratibu uliorithiwa kwa wakoloni, waliotenga uzunguni, uhindini na uswahilini, kisha rangi ikaondolewa ikabaki pesa. Kiwanja kikubwa, yaani cha ujazo mdogo, kina gharama kubwa ya upimaji na umilikishaji, na kikija na sharti la kujenga ndani ya muda fulani, mwalimu hawezi hata kuomba fomu. Mdogo wangu ni muuguzi. Anawahudumia watu wa mitaa mipya na anaishi chumba cha kupanga Sogea. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi inamla mshahara kabla mwezi haujafika katikati.

Je, Serikali haijengi? Hujenga. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za kawaida kwa watu wa kawaida. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Kwa hiyo kwa miaka mingi karani alipanga ghorofani katikati ya mji, juu ya duka la tajiri. Baadaye upepo uligeuka. Kuanzia mwaka 2002 nyumba za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakizikalia, na aliyekuja kazini mwaka uliofuata akakuta jirani yake ni mstaafu mwenye hati. Shirika nalo, katika muongo uliopita, lilijenga nyumba zilizoitwa za gharama nafuu kwenye halmashauri nyingi: Mkuzo Songea, Ilembo Mpanda, Bombambili Geita. Nyingi zilikuwa za kuuzwa, zikiwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake, na mara nyingi zilisimama peke yake pembeni ya mji, kwenye ardhi ambayo halmashauri iliweza kuitoa. Nafuu ilikuwa ya nani, mpangaji wa Majengo hakuulizwa.

Mfano ninaoupenda, pamoja na kasoro zake, ni Magomeni Kota. Wakazi wake, kaya 644, walibomolewa nyumba wakatawanyika kwa miaka, wakaahidiwa kurudi. Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa yao, na walirudi pale pale, katikati ya Dar es Salaam, jirani na soko na barabara ya mwendokasi. Hawakupelekwa Chanika, pembezoni mwa jiji. Wakenya wamekwenda mbali zaidi kimaandishi: sheria yao ya nyumba ya mwaka 2024 inatambua daraja la anayepata chini ya shilingi zao 20,000 kwa mwezi, la kati, na la anayenunua kwa bei ya soko, na kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili hiyo. Wanalalamika sana, na wana haki ya kulalamika. Lakini angalau maskini ametajwa kwenye karatasi ya mtaa mpya, wala si kwenye hotuba tu.

Nyumba yetu ya Majengo bado ipo. Fremu moja ni ya wakala wa fedha za simu, nyingine inauza vipuri vya malori. Vyumba vya nyuma vimegawanywa kwa mbao na sasa ni vingi kuliko nilivyoviacha. Mwalimu alipata kiwanja Chapwa akajenga polepole, chumba kwa chumba, na cha kwanza kukamilika akakipangisha ili amalizie cha pili. Anakaa na mpangaji wake hadi leo. Watu wengi wa kipato chake wangefanya hivyo kama viwanja vidogo vingekuwepo.

Kwa hiyo neno langu kwa wapimaji na madiwani wa Halmashauri ya Mji wa Tunduma ni dogo. Ramani ya mtaa mpya ikiletwa mezani, msipange viwanja vidogo vyote kule chini bondeni, vikubwa vyote huku juu. Vichanganyeni katika kitalu kimoja, tengeni viwanja vya nyumba za kupangisha kando ya barabara ya lami ambako bajaji hufika, na pale Shirika litakapokuja kuomba ardhi, lipewe katikati.