Vigogota na kijana aliyebaki nyumbani

Kijana akifika miaka 25 bado yuko kwa wazazi, maneno huanza. Majirani huuliza, shangazi huuliza, na mwishowe hata sahani yake ya chakula huanza kuhesabiwa.

Huko California, Marekani, katika bonde la Carmel, wapo vigogota wanaoishi kwa kula mbegu za miti ya mialoni. Watafiti wamewafuatilia tangu miaka ya 1960. Huwavisha pete za rangi miguuni ili wajue nani mtoto wa nani.

Ndege hawa huishi kwa ukoo. Hutoboa mti mmoja vitundu vingi, na kila kitundu hutiwa mbegu moja. Ghala kubwa huweza kufika vitundu 50,000, kazi ya vizazi kadhaa. Mbegu ikikauka husinyaa na kulegea, hivyo huhamishiwa kitundu kidogo zaidi kabla haijaibwa. Kazi haiishi.

Hapo ndipo faida ya vijana inapoonekana. Wengi hubaki kwa wazazi mwaka mmoja au zaidi, wakilisha wadogo zao na kulinda ghala. Si uvivu. Makazi yenye ghala ni machache, na ghala halijengwi kwa siku moja. Nafasi ikitokea kwingine, kijana huruka upesi kwenda kuigombania, mara nyingi akiwa na ndugu zake.

Tusidhani hawagombani. Majike wawili, pengine dada wa damu, wanaweza kutaga katika kiota kimoja. Anayetangulia kutaga huona yai lake likitolewa na mwenzake. Ugomvi huo hukoma wote wawili wakishaanza kutaga, kisha huyalalia mayai pamoja na kuwalisha makinda bila kubagua.

Nyumbani kwetu nako ajira ni chache na kodi ya chumba ni kubwa. Kabla ya kumwuliza kijana ataondoka lini, mzazi amwangalie wiki nzima. Nani huchota maji? Nani humwelekeza mdogo wake hesabu? Nani humpeleka bibi kliniki? Kama hana kazi yoyote, apewe, tena aambiwe waziwazi kuwa hiyo ni yake. Kama anazo tayari, basi ashukuriwe mbele ya wadogo zake, na shangazi naye asikie.