Bwana wa Viungo vya Kukodi

Miaka ile nikisimamia maktaba ya shule moja ya sekondari pwani ya Tanga, wanafunzi waligombania riwaya za Elvis Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba na vitabu vya James Hadley Chase hadi majalada yakachanika. The Palm-Wine Drinkard cha Amos Tutuola kilikaa rafuni kikila vumbi. Nikiwaambia kwamba ni riwaya ya Mnigeria, iliyotoka London mwaka 1952, hakuna aliyenyanyua shingo.

Basi nikabadili mbinu, nikawa nasimulia. Kuna binti aliyekataa wachumba wote. Siku moja sokoni akamwona bwana mtanashati kupita kiasi, akamfuata mpaka porini. Huko bwana akaanza kurudisha viungo alivyokodi: miguu kwa mwenyewe, akalipa kodi yake, akaendelea kwa kutambaa. Kisha tumbo, mbavu, mikono. Hapo darasa zima linacheka. Likabaki fuvu tupu, linavuma kwa sauti ya kutisha na kumkimbiza binti. Hapo kimya. Nafunga kitabu, nakiacha mezani. Hakikulala tena maktaba.

Wasichana walisema hiyo ni ngano ya bibi, ya binti aliyeolewa na zimwi. Kweli, lakini zimwi la bibi halikulipa kodi! Kwa Tutuola hata kitisho kina hesabu zake. Shujaa wake, kabla ya kuingia ndani ya mti mweupe, anauza kifo chake na kukopesha woga wake kwa riba ya kila mwezi. Baadaye woga anarudishiwa, kifo kimekwisha kuuzwa. Ikawa hawezi kufa, ila kuogopa anaogopa vizuri tu. Sijasoma mzaha mkali kuliko huo.

Mwalimu wa Kiingereza alinijia juu: kitabu kitawaharibia watoto sarufi. Wasomi wengi wa Nigeria nao walikionea haya, wakati mshairi Dylan Thomas alikisifu gazetini. Tutuola alisoma miaka michache tu, akawa mhunzi, kisha tarishi Lagos. Kiingereza chake kinayumba kama mlevi asiyepotea njia ya nyumbani. Katikati kinachosha, nakiri; maajabu yanafuatana bila pumzi.

Msomaji wangu bora hakujua Kiingereza. Alikuwa mzee mgema wa jirani, aliyepita jioni na kotama kiunoni. Nilimweleza kwamba mlevi wa kitabuni alikuwa na michikichi 560,000 na mgema mmoja tu, mgema akaanguka akafa, naye akamfuata hadi mji wa wafu.

“Mgema mmoja?” akashtuka. “Mwalimu, alikuwa anashuka saa ngapi?”

Kila jioni alidai kipande kingine. Nilipofika mahali mlevi anapompata mgema wake, na mgema anakataa kurudi kwa walio hai, mzee alipiga paja.

“Arudi kufanya nini? Miti laki tano na sitini elfu!”